Maungio ya Chuma

Kijana alipitisha kidole kwenye maungio ya chuma, polepole, kama anayepapasa shavu la mtoto mchanga. "Ona, mama. Hapa nimechomelea mimi."

Mama yake akatabasamu. Binti mwanafunzi mwenzake, aliyefanya naye mradi huo wa darasa, akainamisha macho kwenye sakafu ya karakana ya chuo.

Jana, kijana alipotoka kwenda kula, binti alikagua maungio hayo akakuta yana matundu. Kumwambia aliona haya. Mwenzake angenuna, na yeye hapendi maneno. Akayakata, akachomelea upya, akanyamaza.

Sasa mwalimu wao wa uhandisi akayagonga maungio kwa nyundo. "Safi kabisa! Kazi ya nani?"

"Yangu, mwalimu," kijana akajibu, kifua mbele.

"Basi wiki ijayo utachomelea vyuma vya ngazi ya wodi ya watoto. Nilikuwa natafuta mtu."

Mama akapiga kigelegele.

Binti akapiga hatua mbele. Kupima nguvu ya chuma alifundishwa. Sentensi kama hii inaanzaje, hakujua.

"Mwalimu," akasema, "subiri kwanza."

Kijana akamgeukia akicheka, akidhani anataka kumsifia.