Matari kwa Malkia wa Majini

Jogoo alikuwa wa plastiki. Umm Galal alimbonyeza tumboni, akalia kwii, na damu aliyopakwa shingoni ikamnata mama wa watu vidoleni. Haikuwa damu. Ilikuwa sharubati ya maua mekundu ya karkade, iliyochacha, na nzi walikuwa wameshaigundua.

"Mnampa nani uchafu huu?" aliuliza, akijifuta kwenye gauni lake jeusi.

"Kamera, hajati," alijibu Sharaf, mwongozaji wa filamu. "Kamera haina pua."

Sharaf alikuwa akitafuna mbegu za tikiti na kutema maganda papo hapo jukwaani, mahali palipojengwa pawe kasri la malkia wa majini. Umm Galal alimtazama kwa kinyaa. Miaka thelathini na tano amepunga pepo katika vichochoro vya Kairo, na hakuna mtu aliyewahi kutema kitu mbele ya matari yake.

Filamu ilitoka kwenye riwaya ambayo karibu kila nyumba ya Misri ilikuwa imeisoma. Malkia wa majini anaishi chini ya mto Nile, na siku anayopanda nchi kavu anapokewa kwa ngoma. Ngoma gani? Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa. Sharaf alitaka fidla arobaini, zikarekodiwe Ulaya. Mjane wa mwandishi naye alishikilia kwamba mpunga pepo wa kweli asikilizwe kwanza, ama sivyo ruhusa ya kitabu hatoi. Ndiyo maana Umm Galal alikuwa studioni tangu asubuhi, yeye na wanawake wanne wenye matari.

"Kitabu kinasema ngoma," alisema. "Jini na fidla wapi na wapi? Fidla ni za hotelini, watu wakila samaki kwa uma."

"Na matari yako ni ya uani, hajati. Yananuka jasho. Nikiyaweka, watu watashika pua sinemani."

Wanawake wale wanne ndio waliobaki. Zamani walikuwa ishirini. Siku hizi majirani waliiita kazi yao ushenzi, na mabinti zao wenyewe hawakutaka hata kuligusa tari. Nyimbo alizoachiwa na mama yake, kila pepo na wimbo wake, zingezikwa pamoja naye. Zikiingia kwenye filamu hii, zingebaki. Kwa ajili hiyo tu alimvumilia yule jogoo.

Haya, wakapiga. Wimbo wa kwanza, Mirhan, mwigizaji wa malkia, akatetemeka. Wa pili, akatetemeka. Wa tatu, akatetemeka vilevile, macho kwenye kamera, akirusha nywele kama anatangaza shampuu.

Umm Galal akaweka tari chini.

"Binti yangu, una pepo wangapi wewe? Mtu hupanda kwa wimbo wake mmoja tu. Wewe ungepanda hata kwa muuza gesi akigonga mitungi yake!"

Mafundi wa taa wakaangua kicheko. Mirhan akanuna, akaenda kukaa pembeni. Sharaf akatema ganda jingine, likatua karibu na mguu wa Umm Galal.

Hapo uvumilivu ukamwisha. "Sikiliza, ustadh. Nikimpandisha mtu mmoja humu ndani, kweli kweli, bila maigizo, matari yangu yanaingia kwenye filamu. Nikishindwa, nabeba virago vyangu naondoka."

"Na akipanda ndiyo inakuwaje?"

"Namwuliza bwana aliyempanda anataka nini. Akitaka jogoo, anapewa jogoo, tena wa nyama na damu. Akitaka pete ya fedha, anapewa pete. Neno lake halipingwi. Likipingwa, aliyepandwa haponi."

"Halipingwi na nani?"

"Na yeyote."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Sharaf akaacha kutafuna. "Nimekubali," alisema. "Jamani, wote mmesikia?"

Walisikia. Wimbo wa nne ukapigwa, hakuna aliyetikisika. Wa tano, Mirhan alikuwa anapaka rangi kucha. Umm Galal akabakiwa na wa sita, ule mzito wa mama yake, ambao hakuwahi kuupiga mbele ya wanaume. Alifumba macho akaupiga.

Sharaf akapiga mwayo. Akapiga mwingine. Akashika kisogo, akalalamika kwamba anasikia baridi, na mguu wake ukaanza kurukaruka wenyewe. Mara akainuka, mbegu zikamwagika mapajani, akaingia katikati ya duara huku kichwa kikienda kulia na kushoto. Akaanguka magotini. Mate yakamtiririka kidevuni.

"Tukate?" aliuliza mpiga picha kwa woga.

"Nyamaza wewe!" alifoka Umm Galal.

Kinyaa chote cha tangu asubuhi kilikuwa kimemtoka. Alikuwa analia. Kumbe mtu mwenyewe ndiye huyu, aliyeyatukana matari siku nzima! Wanawake wakapiga kwa nguvu zao zote mpaka Sharaf akatulia, akibaki anahema. Umm Galal akamfunika kitambaa cheupe kichwani, akafukiza ubani wa kweli, akapiga magoti mbele yake kama alivyofundishwa na mama yake.

"Karibu, bwana wetu," alisema, sauti ikimtetemeka kwa furaha. "Umekuja kwa heri. Sema, unataka nini? Chochote, utapewa."

Chini ya kitambaa ikatoka sauti nzito, ya polepole.

"Nataka fidla," ilisema. "Arobaini. Na hajati aitiwe teksi."