Kibonyezo Bubu

"Sifa za redioni tu hizo," nilimnong'oneza shoga yangu Hyasinta, ukumbini Mnazi Mmoja. "Kusomea piano Moscow ndiyo kujua kuipiga?"

"Si usikilize kwanza, mwenzangu."

Mpigaji akaanza taratibu. Mara kidole chake kikabonyeza kibonyezo kimoja cha piano na sauti haikutoka. Unyevu wa Dar ulikuwa umekigandisha kile kibonyezo. Nikamfinya Hyasinta, nikisubiri kijana aaibike.

Hakuacha kupiga. Wimbo uliporudi pale pale, ile sauti iliyokosekana aliiimba kwa mdomo, vidole vikiendelea. Watu wakacheka kwa raha.

Uliporudi tena, akanyamaza, akatugeukia, kidole kikiwa juu ya kile kibonyezo bubu.

Hyasinta akanitazama. Sauti iliyoziba pengo ilikuwa yangu.