Bolti Kumi na Mbili za Delbert

Majivu ya Delbert yalikuwa juu ya benchi la gereji, kati ya jagi la kahawa na kopo la grisi, wakati mdogo wake Lowell alipotangaza kuwa hatakuja Jumamosi.

"Ikiingia ekseli ya wale wengine kwenye gari la kaka yangu, mimi nabaki nyumbani naangalia mahindi yakiota."

Nadine, mjane, alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kukauka. Alitaka jambo moja tu: Jumamosi gari la mashindano la Delbert likimbie robo maili kwa mara ya mwisho, majivu yake yakiwa kiti cha mbele, na Lowell na Rhonda, binti yake Nadine na Delbert, wasimame pamoja kando ya njia. Hawakuwa wamesimama pamoja tangu Rhonda aolewe.

Katika mji ule wa Indiana kulikuwa na makanisa mengi na kampuni mbili tu za magari. Kanisa mtu aliweza kuhama; kampuni, hapana. Kwa ukoo wa Delbert moja ilikuwa "ya kwetu", na nyingine ya "wale wengine".

Rhonda alikuwa ameolewa na Duane, fundi wa kuchomelea, mtu mpole anayeendesha gari la wale wengine. Delbert hakwenda harusini. Geti zuri ambalo Duane alilitengeneza nyumbani kwao, mishono yake ya kuchomelea imelaliana kama magamba ya samaki, Delbert hakuwahi kulivuka. Duane naye akija kwa mkwewe aliegesha ng'ambo ya barabara, kwa amri.

Sasa tatizo lilikuwa injini. Siku chache kabla ya moyo wake kusimama, Delbert alifunga injini mpya yenye nguvu za farasi mia nane. Nguvu hizo zote hupita kwenye ekseli ya nyuma, lile bomba la chuma lenye gia na mafuta linalozungusha magurudumu. Ikikatika pale kwenye mstari wa kuanzia, gari lingekaa chini kama kuku anayeatamia, na Delbert ndani yake, mbele ya kila mtu ambaye Delbert aliwahi kumshinda.

"Ninayo moja kwangu," Duane alisema. "Ya wale... ya kwetu. Hiyo haikatiki. Ni zawadi, mama. Niachieni gari leo, niifunge mwenyewe."

"Peke yako?" Lowell alicheka. "Ili ulibatize kabisa, sio? Shemeji, unamsikia mkweo?"

"Baba mdogo, ya kwako imekatika mara ngapi?" Rhonda aliuliza.

"Yangu ina mkosi. Ya kaka haijakatika hata mara moja, miaka yote hii, na ni ya kwetu." Lowell alinyoosha kidole chini ya gari, lililokuwa limeinuliwa juu ya stendi za chuma. Nyuma kabisa kilionekana kifuniko cha rangi ya machungwa chenye bolti kumi na mbili, kinang'aa kama sahani ya sikukuu. "Tazama mwenyewe. Ya kwetu inafunguliwa kwa nyuma. Ya wale wengine nyuma haina kitu, mviringo mtupu, kama kipara cha mchungaji wetu."

Kifuniko kile kila mtu alikijua. Kwenye maonyesho Delbert alilaza kioo chini yake ili watu wakione vizuri. Lakini kuingia chini ya gari hakumruhusu mtu, hata Lowell. Alisema vidole vya watu vinaacha alama.

"Basi iacheni hiyohiyo," Duane alisema. "Itahimili."

"Wewe unajua nini kuhusu ekseli yetu?"

Duane akatazama viatu vyake.

Lowell alikuwa amekuja na ekseli mpya kwenye pikapu yake, ya kampuni ya kwao, kubwa kuliko zote alizozipata. Wote watatu wakamgeukia Nadine. Yeye aliyatazama majivu. Mtu yule alikuwa amebadili mawazo kuhusu Mungu, kuhusu kodi, hata kuhusu sukari kwenye kahawa. Kuhusu hili, kamwe.

"Tutafunga ya Lowell," alisema. "Nisamehe, Duane. Siwezi kumgeuka wakati hawezi kunijibu."

Rhonda akachukua mkoba wake. "Twende. Baba kashinda tena, na wala hayupo."

Duane hakusogea. Lowell alikwisha kulala chali, ndoo ya kukingia mafuta chini ya kifuniko, spana mkononi.

"Mzee, hebu toka, nifungue mimi," Duane alisema.

"Mkono wako hautagusa kitu hapa."

"Basi taratibu. Bolti zenyewe ni fupi."

"Umejuaje?"

Bolti ya kwanza ilitoka, fupi kama jino. Zikafuata nyingine, zote fupi. Lowell alikigonga kifuniko kwa mpini wa spana, akaisogeza ndoo karibu zaidi, akasubiri mafuta.

Kifuniko kilidondoka ndani ya ndoo kavu, kikalia kama kengele. Nyuma yake hapakuwa na mafuta, wala gia.

Palikuwa na kipara cha wale wengine.

Rhonda aliweka mkoba chini, akapiga magoti kando ya baba yake mdogo, akapitisha kidole kwenye mshono wa pete ya chuma iliyochomelewa hapo kushikilia zile bolti. Ulikuwa umelaliana kama magamba ya samaki.