Mlango Uliofunga

Tangu asubuhi Hakorimana alikuwa akipiga tupa ulimi wa kitasa cha gari alilojiundia kwa vyuma chakavu, katika kambi ya waliokimbia vita, Lushebere. Mabega yalimuuma. Mkewe alikaa ndani ya gari, akiuvuta mlango kila alipoambiwa, na kila mara ulimi uligonga pembeni ya tundu lake.

Akaongeza kipande cha mpira nyuma ya bawaba. "Vuta tena, Mama."

Tak! Mlango ukashika, ukatulia.

"Imekamata! Toka uone."

Mkewe hakutoka. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye bati, macho ameyafumba.

"Uniache kidogo, Papa. Tangu tulikimbia, sijalala fasi yenye mlango yake inafungwa."

Hakorimana akazunguka upande wa pili, ambako mlango haukuwa na kitasa bado, akauegemea kwa mgongo.