Jumamosi za Kiroboto

Kiroboto alikuwa amepiga magoti mbele ya choo cha tatu cha bweni, tai kaitupa begani, brashi mkononi. Kelele zikalipuka uwanjani. Hilo lilikuwa bao la pili alilolikosa siku hiyo kwa sababu ya aljebra.

Mkosi ulianza na chura. Alijilalia kwa amani ndani ya kopo la chaki hadi Bi Kipeo, mwalimu wa hesabu, alipoingiza mkono. Darasa zima lilimgeukia Kiroboto kwa huzuni, kama watu wanaomuaga marehemu.

"Njoo ubaoni, mwanangu," alisema Bi Kipeo, kwa upole wa kutisha. "Adhabu utajipimia mwenyewe. Andika polinomia yoyote. Digrii yake ndiyo idadi ya Jumamosi utakazosugua vyoo."

Kiroboto alikuwa amesikia nusu ya somo. Nusu nyingine alikuwa akimtafutia chura makazi. Alijua digrii ni kile kipeo kikubwa kuliko vyote: x kwa kipeo cha tano, Jumamosi tano. Alijua pia kwamba namba kama 4, isiyo na x, digrii yake ni sufuri. Angeandika 4 tu, akaenda zake mpirani.

Lakini mtu mwenye kipaji haandiki 4. Aliandika, kwa mwandiko wa kifalme:

7x⁹ − 7x⁹

"Tisa! Umekwisha!" darasa likaguna.

"Tulieni, ndugu zangu. Zinafutana. Inabaki sufuri, na mimi sina Jumamosi hata moja." Akainama kupokea makofi. Madawati yalipigwa hadi vumbi likatoka.

Bi Kipeo alifuta miwani yake polepole.

"Nne ina digrii sufuri. Saba vilevile. Ila sufuri yenyewe, mwanangu, haina digrii kabisa. Nililisema hilo ulipokuwa unahangaika na chura. Kwa hiyo idadi ya Jumamosi zako haipo."

"Si ndiyo niko huru, mwalimu?"

"Ndiyo maana sina pa kukuambia, 'Basi, inatosha.'"

Kiroboto akachovya brashi tena. Nyuma yake mkongojo uligonga sakafu.

"Kona ile umeiruka," alisema Bi Kipeo.

"Mwalimu, leo magoti yananiuma kweli. Si yale ya ujana tena."

"Kona."

Vijana wawili wa kidato cha kwanza wakaingia mbio, wakaganda mlangoni, wakaficha mpira mgongoni.

"Shikamoo, Mkuu wa Shule."

"Marahaba," sauti ya Kiroboto ikatoka chooni.