Majina Arobaini ya Sheikh Umaru

Haina miguu, lakini ikifika mlangoni mwenye miguu anatoka na harudi. Haya, tegueni. Bunduki? Mmeshindwa, nipeni mji. Mmenipa Jinja? Nimekwenda Jinja, nimekula samaki wa Masese, nimerudi. Jibu ni karatasi.

Karatasi ninayoisema aliiandika Sheikh Umaru wa Masese, miaka ile ya utawala wa jeshi. Kila Ijumaa baada ya swala alikunywa chai na afande wa kambi. Chai ikiisha, afande aliondoka na majina ya maadui wa serikali.

Juzi Sheikh huyo, sasa kikongwe, aliteremka kwenye bodaboda Namatala, mjini Mbale, akapiga hodi kwa Shadiah.

"Nakwenda Hija, binti yangu. Siwezi kupanda ndege bila msamaha wenu."

Shadiah alikuwa akikaanga sambusa mlangoni. Hakumpa kiti.

"Mimi si binti yako. Mimi binti wa Faraj."

Jirani yake, Zaituni, akapaza sauti: "Jamani, njooni mwone! Jasusi linakwenda Makka! Mzee, siku ya kumpiga shetani mawe, angalia wasikufananishe naye!"

Watu wakacheka. Ndani, mama yake Shadiah, Bi Nusifa, alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

Shadiah alikuwa na miaka minane askari walipoingia nyumbani kwao Masese. Alikuwa amerudi jana yake tu kutoka kwa shangazi. Walipindua magodoro, wakavunja dari, wakamshusha baba yake, utando wa buibui umemjaa nyweleni. Faraj alikuwa dereva wa lori, na lori lile lilikuwa limevusha watu wengi kwenda Kenya. Wiki tatu alijificha darini. Tangu asubuhi ile hakuonekana tena.

"Karatasi yako niliiona," Shadiah alisema. "Karani wa kambi aliitunza. Alitusomea mimi na mama, jina moja moja. Arobaini, mwandiko wako! Na anasema wale thelathini na tisa, askari hawakumpata hata mmoja. Baba tu. Alikukosea nini?"

Sheikh akatazama ndani, alikokaa Bi Nusifa. Kisha akatazama viatu vyake.

"Niliandika mimi. Hilo sikatai."

"Sikuulizi nani. Nakuuliza kwa nini! Kwa nini uliandika jina la baba?"

Sambusa zikaanza kuungua.

"Huna jibu? Basi na msamaha huna. Nenda na dhambi yako, ukaizungushe Kaaba mara saba."

"Bila msamaha wenu siendi," mzee alisema taratibu. "Nafasi yangu nitampa mwingine. Na wewe sikulaumu, binti wa Faraj."

Akageuka, akamwita mtu wa bodaboda. Zaituni akapiga kigelegele. Mtu akamtupia mzee ganda la ndizi, likamgonga mgongoni. Wala hakugeuka kuona ni nani.

Ungo wa mchele ukaanguka. Bi Nusifa alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Umaru, ngoja."

"Mama, rudi ndani. Huyu hana la kusema."

"Analo. Miaka yote hii amelimeza kwa ajili yangu." Bi Nusifa akamgeukia bintiye. "Siku karani aliposoma yale majina, kila moja nililijua. Wote tulikwisha kuwazika kabla hajawaandika."

"Baba hatukumzika!"

"Umaru alikuwa akimpa afande marehemu watupu, mwanangu. Na mimi ndiye niliyekwenda msikitini nikamwambia kwamba Faraj amezama ziwani, ili asitafutwe."