Jiko la Baba Limezimwa

Enyi wananchi, sikieni sheria tukufu ya zama zetu: mtalaka akibonyeza kitufe cha "Sina" jikoni kwake, jiko la aliyemwacha huzima mpaka apeleke chakula. Tukufu kweli, ila mama kwa kiburi chake hakigusi kitufe hicho.

Wiki ya pili ya likizo yangu kutoka bwenini, baba alibisha hodi, gunia la unga begani.

"Mama Shekue, umenizimia jiko! Hata chai sijanywa!"

"Mimi? Nikuombe wewe? Heri nife!"

Lakini gunia alilipokea, akashusha pumzi ndefu. Kisha wote wawili wakanigeukia.

"Shekue!"

"Ni mimi niliyebonyeza," nikakiri. "Mama, kila siku unanipakulia mimi tu, unasema umeshakula. Na vyombo naviosha mimi: sahani huwa moja tu."